Liwali Aliyepokea Isale

Siku hizi Moshi ina meya. Enzi za Mwingereza sisi weusi wa mjini meya hatukuwa naye. Tulikuwa na Liwali. Yeye ndiye aliyegawa viwanja, aliyeamua mashauri ya talaka na ya mbuzi walioingia bustani ya mtu, na ndiye aliyeitwa bomani na mkuu wa wilaya, Mzungu tuliyemwita Bwana Shauri, akaambiwa la kutuambia, akaja akatuambia. Vijana wakisikia neno liwali wanacheka na kusema hao walikuwa vibaraka tu. Haya. Na mimi niliwahi kusema hivyo, tena kwa sauti, mbele za watu.

Jina lake silitaji. Hata alipokuwa na cheo hakuna aliyelitumia. Mkewe mwenyewe, mbele za watu, alimwita Liwali, ingawa alivyolitamka neno lile ulijua wazi nani mkubwa kwake.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kilitazamana na baraza lake, barabara tu ikitutenga, na kanzu zake zote nilimshonea mimi, na joho lake jeusi la kwendea bomani nililitengeneza mara nisizozikumbuka. Mtu akisimama mbele ya fundi, mikono kaitanua na utepe wa kupimia uko kiunoni, hana pa kuficha tumbo wala maneno. Mengi niliyoyajua kwake niliyajulia hapo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na goti la kushoto lilimsumbua msimu wa baridi, theluji ya Kilimanjaro ikishuka karibu na upepo ukitupiga mjini. Nguo zake alizipenda kuliko ilivyompasa mtu wa dini. Shingo ya kanzu ikipinda hata kidogo, aliirudisha.

"Fundi, hii umemshonea nani?"

"Wewe, Bwana Liwali."

"Basi inikae mimi. Hii inamngoja mtu mwingine."

Nilikuwa nakasirika, wallahi. Nikafumua, nikashona upya, naye akarudi kesho yake akaipapasa ile shingo kimya kimya, akaondoka bila asante. Lakini kila Idi alinitumia sinia la pilau, na sinia jingine alilipeleka kwa wanawake wa mbege, pombe ya ndizi, aliokuwa akiwafungia vilabu mwezi uliotangulia. Nilimuuliza mara moja mambo hayo yanakwendaje pamoja. Akasema, "Nimewakataza kupika pombe. Kula sikuwakataza."

Barazani alikuwa na desturi moja iliyowatia watu jasho. Mdai alisema, mdaiwa alisema, mashahidi walisema. Kila mtu alidhani sasa anakata shauri. Yeye angekohoa, akatazama watu wote waliokaa, akauliza, "Nani hajasema?" Kisha akanyamaza. Alinyamaza mpaka watu waanze kujikuna. Na ajabu ni kwamba mara nyingi mtu alijitokeza. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Kahe aliyemshitaki kijana wa mjini kwa wizi wa baiskeli. Mashahidi wa kijana wote waliapa kwamba siku ile alikuwa amelala na homa. Liwali akauliza swali lake, akanyamaza, na mama mkwe wa kijana mwenyewe akainuka nyuma kabisa akasema, "Homa alikuwa nayo kweli, lakini alikwenda nayo kwa baiskeli." Baraza zima liliangua kicheko. Liwali hakucheka. Aliandika.

Mtu huyo aliyeogopwa namna hiyo alimwogopa mkewe. Shauri likirefuka mpaka chakula cha mchana kikapoa, yule bibi alikuja mwenyewe na bakuli limefunikwa kawa, akasimama mlangoni bila neno. Liwali alikuwa akimwona tu, anaahirisha. Niliwahi kuona watu wawili waliokuwa wakikaribia kushikana mashati wakarudishwa makwao kwa sababu ya bakuli la ndizi na nyama.

Hakuanza kuwa liwali. Alianza kuwa jumbe wa mtaa mmoja tu, akitatua ugomvi wa wanawake kwenye bomba la maji, na alipanda kwa sababu alikumbuka. Ukimwambia jambo mwaka huu, mwaka wa tatu atakurudishia kama ulivyolisema, na kama sasa unalisema vingine, pole yako. Wakubwa wa bomani walipenda hilo. Sisi pia tulilipenda, mpaka vita vilipokuja.

Wakati wa vita vikuu vya pili serikali ilitaka watu wa kwenda mashamba ya mkonge kwa nguvu. Orodha iliandikwa na Liwali. Alisimama kwenye ngazi za baraza, joho begani, karatasi mkononi, na mji mzima tuko chini tunangoja. Jina la kwanza alilolisoma ni la mtoto wa dada yake. Dada yake alikuwa palepale. Alipiga yowe moja, akazuiliwa na wenzake, na Liwali akasubiri yowe lile liishe ndipo akasoma la pili. Wengine walisema ni mtu wa haki. Wengine walisema mtu anayeweza kuiuza damu yake atashindwa nini kutuuza sisi? Mimi nilikuwa katikati. Jina langu halikuwamo, na nilishukuru, na niliona haya kushukuru. Dada yake hakumsemesha tena mpaka anaingia kaburini. Alipokuwa akipimwa nguo, Liwali hakuwahi kunitajia siku ile, isipokuwa mara moja aliposema, "Ukianza na wa mwenzako, hutafika wa mwisho." Nikaendelea kushika utepe.

Kwa hiyo miaka michache baada ya vita, tuliposikia kwamba mitaa yetu ya chini, upande wa Njoro, itabomolewa, hatukuwa na shaka kwamba atabomoa.

Amri ilitoka bomani. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na paa za madebe yaliyonyooshwa, zimejengwa bila ramani, na wakubwa walisema zinaleta magonjwa na zinauharibia mji sura. Tungepewa viwanja mbali, kwenye ardhi ya bondeni, njia ya Kahe, ambapo masika maji husimama mpaka magotini. Tulitakiwa kutoka kabla ya mvua.

Nyumba yetu ilikuwa ya mama yangu. Sharti nieleze kidogo. Mama alikuwa Mchagga wa Kibosho, wa nyumba ya Kikatoliki, akaolewa mjini na Mmanyema Mwislamu, baba yangu. Kwao walimfungia mlango. Baba alipokufa, mama hakuwa na pa kurudi, maana kihamba, lile shamba la migomba na kahawa la ukoo, kilikuwa cha kaka zake. Alikuwa na vyumba vinne vya udongo Njoro, na nyuma yake migomba sita aliyoipanda kwa mkono wake, akaimwagilia kwa debe. Akiniona nasikitikia ufukara wetu alikuwa akiniambia, "Wewe una cherehani, unaweza kuibeba. Mimi nimebakiwa na hapa." Kumtoa pale ilikuwa kumuua. Nasema kama lilivyo.

Liwali alikuja mwenyewe siku ya kutia alama. Alifuatana na karani na kibarua aliyebeba debe la chokaa, wakawa wanapaka alama nyeupe kwenye kila mlango. Mimi nilikuwa kibarazani kwangu mjini, lakini majirani walinisimulia neno kwa neno, na mama hakukanusha hata moja. Alikuwa uani amemaliza kumenya ndizi mbichi, na beseni la maji meusi ya utomvu liko mbele yake. Walipofika mlangoni alinyanyuka na beseni.

"Liwali, unapaka nini?"

"Alama ya serikali, mama."

"Basi na mimi nipake. Nipake usoni, mlango utapata mwenzake!"

Akalimwaga beseni lote. Yale maji yalimpata Liwali kuanzia kifuani mpaka viatuni, kwenye joho, kwenye kanzu. Utomvu wa ndizi hautoki kwenye nguo, kila mtu wa huku anajua. Kibarua aliliweka debe chini. Liwali alitazama nguo zake, akatoa leso, akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Karani," akasema, "andika. Nyumba hii itakuwa ya kwanza."

Habari zilinifikia kabla utomvu haujakauka. Nilifunga duka nikakimbia nyumbani, nikamkuta mama ameketi kwenye kigoda, ametulia, anatafuna. Nilipiga kelele. Nilimwambia umetumaliza, umeshindwaje kuushika mkono wako? Akasema, "Angekuja bila debe nisingemwaga." Nililia uani, mtu mzima mimi, nina ndevu.

Siku ya soko alishuka mjomba kutoka Kibosho, kaka yake mkubwa, rozari shingoni, mkungu wa ndizi begani. Ndiye peke yake wa kwao aliyekuwa akija. Alisikiliza yote, akakung'uta kiko.

"Dada, umemmwagia maji mtu mzima mbele za watu. Kwetu jambo hilo lina njia yake. Mpelekee isale."

"Sijuti."

"Sijakuuliza kama unajuta. Nakuuliza kama unaitaka nyumba."

Isale kila anayepanda mlimani ameliona: mmea wa majani marefu unaozunguka vihamba kama uzio. Kwa Wachagga jani lake lina kazi nyingine. Ukimkosea mtu, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea kwa heshima. Akilipokea, amesamehe, na tangu hapo hawezi kunyanyua mkono dhidi yako. Mtu anayepokea isale kisha akakudhuru amejitoa katika watu. Hakuna atakayemwamini shaurini wala kukaa naye kwenye mbege. Hayo kwetu hata mtoto anayajua. Ila Liwali hakuwa Mchagga. Alikuwa mtu wa mjini, na mashauri ya mlimani hayakumfikia, yaliishia kwa mamangi, machifu wa Kichagga, huko huko. Miaka yote aliyokaa chini ya Kilimanjaro, isale kwake lilikuwa uzio tu.

Mama alikwenda siku ya baraza, Liwali alipokuwa amesimama ngazini tayari kutusomea amri. Uwanja ulijaa. Kulikuwa na sisi wenye nyumba, na wachukuzi wa kahawa, na wanawake waliotoka sokoni na vikapu vyao, wengi wa mlimani. Mama alipasua kati ya watu, amevaa kanga yake nzuri, mkono wa kulia umeshika jani lenye fundo. Nilimwona Liwali akirudi nyuma hatua moja. Nadhani alidhani amebeba maji mengine.

Mama akapiga magoti kwenye ngazi ya chini. "Bwana Liwali, nilikukosea. Nipokelee."

Basi yule bwana alifanya alichofundishwa na mama yake. Mtu mzima akikupa kitu kwa heshima unakipokea kwa heshima. Aliteremka, goti lake bovu na yote, akalipokea jani kwa mikono miwili, akamwinua mama kwa kiwiko. "Inuka, mama. Yamekwisha."

Lo! Vigelegele vilivyopigwa! Wachukuzi walirusha kofia. Mwanamke mmoja alitupa kikapu chake, ndizi zikatawanyika. Na Liwali anatabasamu, maskini, anadhani tunamsifu kwa upole wake. Akapanda ngazi, akakohoa, akafungua karatasi akaisoma amri yote, tangu ya juu mpaka ya chini: nyumba zitabomolewa, watu watahamia bondeni, mwisho kabla ya masika.

Alipomaliza akaikunja karatasi. Mzee mmoja mchukuzi akauliza, "Liwali, si umepokea?"

"Nimepokea."

"Basi?"

"Basi nini?"

Mzee aliwageukia wenzake akafungua mikono, kama mtu aliyemuuliza mwendawazimu njia. Watu wakaanza kuondoka makundi makundi, wakinung'unika. Liwali alibaki ngazini na jani lake, uso umekunjamana.

Kesho yake asubuhi walikuja wote. Kila mwenye nyumba iliyopakwa chokaa alikuwa na jani la isale mkononi. Wachagga, Wapare, Wamanyema, hata muuza nyama Msomali ambaye nadhani hakujua kulifunga fundo, alilisokota tu. Uzio wa jirani yangu ulibaki kipara. Walipanga foleni kuanzia ngazi za baraza mpaka mbele ya duka langu. Watu watatu walikwisha piga magoti na Liwali alikuwa amekwisha pokea, ndipo aliposimama ghafla. Akavuka barabara. Akaingia dukani kwangu na lile jani la mama.

"Fundi. Mama yako amenipa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza nikiwa nimeinamia cherehani, maana kumtazama nilishindwa. Nilipofika mahali pa kujitoa katika watu, nilisikia pumzi yake imebadilika.

"Mimi nilisamehe maji," akasema. "Nguo. Nilisamehe nguo!"

"Kwetu isale haligawanyiki, Bwana Liwali."

"Na kama nikimrudishia? Sasa hivi, kabla sijaitwa bomani. Kwa heshima, na wazee wakiwepo. Nitakuwa nimetoka?"

Sasa hapo. Mimi sikujua. Nimezaliwa mjini, kwa mama yangu nimesikia nusu ya desturi na nusu nyingine sikuitaka. Huenda ipo njia ya kulirudisha. Sikuwahi kuuliza, wala mpaka leo sijauliza. Lakini moyoni nilimwona mama amekaa uani kwake, na migomba yake sita, na nikajibu haraka, kwa sauti ya mtu anayejua.

"Halirudishwi."

Aliitazama foleni ile iliyokuwa ikimngoja. Bomani alikuwa na cheo, mshahara, nyumba ya serikali, na kiti katika kikao cha mji ambacho hakuna mweusi mwingine aliyekikalia. Yote aliyapata kwa kutii. Angeweza kupitia mlango wangu wa nyuma akaenda zake. Akaweka sawa kofia, akavuka barabara, akasimama kwenye ngazi ya chini kabisa ambapo watu hawakuhitaji kupanda, akawapokea mmoja mmoja. Mikono miwili. Kila mmoja alimwinua, na kwa kila mmoja alisema, "Yamekwisha." Ya jana alikosea. Ya leo alijua. Hilo nililijua mimi peke yangu, nilikuwa nimesimama mlangoni na sindano mdomoni.

Ya bomani nilisimuliwa na tarishi aliyesimama mlangoni siku ile. Bwana Shauri aliuliza kama watu wameambiwa. Liwali akajibu wameambiwa, na kwamba yeye kazi ile hataisimamia. Bwana Shauri akauliza sababu. Liwali akasema amewapa watu neno lake. Neno gani? Majani, bwana. Yule Mzungu alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Utachagua," akasema. "Kazi yako au majani yako."

Hapo mwanasiasa ndani ya Liwali akaamka, maana alikuwa naye, tusidanganyane. Akamwambia, "Bwana, ukinifukuza leo, kesho utaleta mwingine avunje nilichopokea. Wanawake wa mlimani wamekwisha kusikia. Wakiacha kushuka na ndizi, mji huu utakula nini? Na wachukuzi wakiacha kubeba kahawa, utaandika nini kwa wakubwa wako? Ahirisha. Mimi nifukuze, lakini nyumba ziahirishe." Tarishi alisema alikuwa akiongea polepole, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, na jasho linamtoka kwenye kofia.

Amri iliahirishwa. Iliahirishwa tena. Masika yalipita, na masika mengine, na alama za chokaa zikafutika kwenye milango yetu kwa mvua. Mama alikufa kwa uzee, kitandani kwake, chumbani kwake, migomba ikiwa imezaa. Lakini Liwali walimpumzisha mwaka uleule wa majani. Walimletea barua nzuri na mkono wa kuagana. Alikuwa mgawaji wa viwanja vya mji mzima na hakuwahi kujigawia hata kimoja, akisema liwali mwenye kiwanja atapendelea mtaa wake. Walipotaka nyumba ya serikali, hakuwa na pa kwenda. Mkewe alifariki muda si mrefu, naye akahamia kwa jamaa zake Bomang'ombe. Siku anaondoka nilikuwa na kazi nyingi dukani. Nilimpungia mkono.

Kisha vikaja vyama, na mimi nikaingia. Sikuingia kwa unafiki. Nilitaka Mwingereza aondoke, na nilikuwa nimegundua kwamba ninaweza kusema mbele za watu, jambo linalolevya kuliko mbege. Tukakutana uwanjani, na kila niliposema maliwali walikuwa vibaraka, umati ulishangilia. Siku moja sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Na nyumba zetu za Njoro je?"

Nikajibu bila kusita, "Nyumba zetu tuliziokoa wenyewe!"

Walishangilia na hiyo.

Mwaka wa mwisho mwisho wa Mwingereza, mji ulipokuwa unatafuta madiwani wapya, alikuja nyumbani kwangu katibu wa chama, kijana mwerevu aliyetumwa kutoka Tanga, kunijulisha kwamba jina langu limo kati ya mawili na anataka kunijua vizuri kabla hajalipeleka. Tulikaa barazani tunakunywa kahawa. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi ili upepo uingie. Nilikuwa nimekifagia siku ile, kitanda kiko kitupu, hakuna kitu ukutani.

Nikamwona mzee anapanda njia na mwavuli, mkono mwingine umebeba mkoba wa mkeka. Goti lilinijulisha kabla ya uso. Kanzu yake ilikuwa mojawapo ya zile nilizomshonea mimi, na shingo imepinda.

Kwa miaka yote nilikuwa nikimwamkia, "Shikamoo, Bwana Liwali." Midomo yangu ilikwisha kufunguka. Nikamtazama katibu, nikasema, "Shikamoo, mzee."

Alisita. "Marahaba, fundi." Akaufunga mwavuli. "Bomang'ombe nimewachosha. Wana watoto wengi pale. Nimesikia chumba cha marehemu mama kiko wazi. Kodi nitalipa, usiwe na wasiwasi."

Nilijua akikaa hapa wiki moja, majirani watamwita cheo chake asubuhi na jioni, na katibu atajua mgombea wake anaishi na liwali. Nilijua pia baraza nililolikalia limebaki limesimama kwa ajili ya nani. Nilijua yote mawili kwa wakati mmoja, na nilifungua mdomo.

"Kimepata mtu, mzee."

Alitazama mlango uliokuwa wazi. Alikitazama kile kitanda kitupu, kwa ule utulivu wake wa barazani, na mimi nikangoja aniulize. Hakuuliza.

"Mtu mwema?"

"Mwema."

"Basi msimtoe," akasema. Akafungua mwavuli, akateremka njia ileile, akikwepa madimbwi.

Katibu alimfuata kwa macho mpaka alipopinda kona. "Mzee ana haiba yule," akasema. "Watu kama hao wanaheshimika mitaani. Ungemwomba akusemee kwa wenye nyumba wa hapa, kura zao zote ungezipata. Ni nani?"

"Mteja wangu wa zamani," nikasema, nikamwongezea kahawa. "Huyo si wa hapa."